Hita Iliyopuliza Baridi

Mwili wa Mzee Abdiel Nnko ulikuwa umelala kifudifudi katikati ya migomba, chini kidogo ya barabara inayopanda kutoka Tengeru kwenda vijiji vya juu. Koti lake la sufu lilikuwa limelowa umande. Kiatu kimoja kilibaki juu, ukingoni mwa barabara, kimesimama wima kana kwamba mwenyewe amekivua ili aingie ndani ya nyumba.

Inspekta Sifaeli Mmari alikitazama kiatu kwanza. Kisha akachuchumaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na wenzake kituoni walikuwa wamezoea kumngoja.

"Nani amemwona wa kwanza?"

"Akina mama waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe, Afande," alijibu Sajini Lesian. "Familia ilimtafuta tangu jana jioni. Ukungu ukawashinda."

"Na gari?"

"Lilisimama pale kwenye kona. Pikapu. Dereva anaitwa Shomari, wa Themi. Alikuwa anawarudisha mzee na Mama Agnela kutoka kwenye kikao cha kamati ya mfereji. Anasema gari lilichemka, Mama Agnela akaondoka kwa miguu, yeye akashuka mtoni kuchota maji. Aliporudi, mzee hayupo."

Sifaeli alitenganisha majani pembeni mwa kiatu. Damu nyingi ilikuwa pale juu, imekaukia kwenye vumbi. Penye mwili ilikuwa kidogo. Mzee alipigwa barabarani, kisha akasukumwa. Jeraha lilikuwa moja, nyuma ya kichwa, fupi, lenye ukingo ulionyooka.

"Jiwe?" aliuliza Lesian.

"Jiwe halina ukingo kama huu. Chuma."

Mjane, Mama Kandida, alikuwa amesimama kando ya barabara, amejizungushia shali mbili. Hakuwa analia.

"Shomari yuko kwenu?"

"Yuko kituoni, mama. Pole sana."

"Mwulizeni kwa nini. Amekula kwangu, amelala kwangu mvua ilipomzuia. Mwulizeni mume wangu alimkosea nini."

"Tutamwuliza," alisema Sifaeli. "Yeye na wengine."

"Wengine gani? Walikuwa wao tu barabarani."

Sifaeli hakumbishia. Ilikuwa Julai, mlima wote ulikuwa umefungwa na ukungu, na katika ukungu ule watu kumi wangeweza kupita bila kuonana.

*

Mrakibu Hans, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hakupenda kesi zinazokaa mezani. Hii aliiona imekwisha.

"Sikiliza, Sifaeli. Dereva anasema injini ilichemka mpaka ikatoa mvuke. Mama Agnela, aliyekaa naye kiti kimoja, anasema hita ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho na ilipuliza baridi njia nzima. Hita inachukua joto wapi?"

"Kwenye injini, Afande."

"Basi. Injini ichemke, hita ipulize baridi? Moto na barafu kwenye gari moja? Mmoja anaongopa. Na yule mama hana sababu ya kuongopa."

"Dereva ana sababu gani ya kuua?"

"Hiyo ataisema mwenyewe. Nimeliwasha hilo gari leo. Rejeta imejaa, injini imetulia, mshale wa joto haujafika hata nusu. Gari zima kabisa! Alisimama pale kwa makusudi. Ijumaa asubuhi apelekwe mahakamani."

Sifaeli alijua maana yake. Shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu akishaingia gereza la Kisongo kwa shtaka hilo, anaweza kukaa miaka akisubiri kusikilizwa, na jina lake linabaki limechafuka hata akitoka.

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa," alisema.

"Utafanya nini?"

"Nitawasikiliza wote wawili kana kwamba wote wanasema kweli."

Hans alicheka. "Haya. Wewe na upole wako."

*

Shomari Iddi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado amevaa ndala za matope. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nje, kwenye benchi, mkewe Hafidha alikuwa amepakata chupa ya uji ambayo askari wa zamu alikuwa amekataa kuipokea.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa. Uji wako utaletwa." Sifaeli alimpa Lesian ishara, kisha akaendelea. "Nataka tuzungumze juu ya gari tu. Rejeta unaweka nini?"

Shomari alimtazama kwa mshangao. Tangu akamatwe, alikuwa ameulizwa swali moja tu, kwa sauti tofauti.

"Ile dawa ya kijani, Afande. Nusu dawa, nusu maji. Maji ya huku ukiyatia matupu yanajenga ukoko ndani. Wenzangu kijiweni wananicheka, eti naliogesha gari kwa manukato."

"Mara ya mwisho ulifungua kifuniko lini?"

"Jana asubuhi, nyumbani, injini ikiwa baridi. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni."

"Halafu?"

"Nikapanda kuwachukua mzee na Mama Agnela. Mzee goti lilikuwa linamsumbua, hawezi njia ndefu. Nikawashusha kwa Mzee Kaanaeli, kule chini, ndiko kikao kilikofanyika."

"Kaanaeli ni nani?"

"Msimamizi wa mfereji. Ndiye anayegawa zamu za maji."

"Wakati wa kikao gari lilikuwa wapi?"

"Uani kwake, nyuma ya nyumba."

"Na wewe?"

"Waliniita ndani nikala loshoro. Nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Sikufichi."

"Ilipochemka?"

"Mshale ulipanda ghafla, Afande, mvuke ukaanza. Nikazima. Sikugusa kifuniko, kingenichoma uso. Mama Agnela akasema anatangulia, kwake si mbali. Nikachukua dumu la lita kumi nikashuka mtoni. Mto uko bondeni kabisa. Niliporudi nikamkosa mzee, nikadhani amechoka kungoja, amejikongoja kumfuata mama. Nikajaza maji nikapanda mpaka kwake. Hayuko. Ndipo tukaanza kumtafuta."

"Rejeta ilikunywa kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu dumu. Nilishangaa. Maji mengi hivyo yameenda wapi? Nilichungulia chini ya gari, kukavu."

"Mpira umepasuka?"

"Mipira mizima, Afande."

Sifaeli aliandika. Shomari akainamisha kichwa.

"Afande, sikumuua. Mzee Abdiel ndiye aliyenipa kazi ya kushusha ndizi na maparachichi ya wale wa juu. Nimuue mtu anayenilisha?"

"Sijasema umemuua. Sijasema hukumuua. Kunywa uji."

*

Mama Agnela, katibu wa kamati, alikuwa barazani kwake akipukuchua maharage. Alimkaribisha Sifaeli kwenye kigoda na kuendelea na kazi.

"Mama, nieleze ile safari ya kurudi."

"Mwanangu, baridi ilinipiga mpaka magotini. Nikamwambia Shomari, baba, zima hilo dude lako, linatupulizia jokofu! Akaniambia, mama, hapo nimefungua mpaka mwisho. Akaweka mkono mwenyewe, akashangaa. Mara mvuke huo. Nikasema bora nitembee nipate joto. Ningejua!" Aliacha kupukuchua. "Ningebaki naye."

"Ungebaki labda na wewe tungekuzika. Na asubuhi, mlipokuwa mnashuka?"

"Asubuhi?"

"Hita ilikuwaje?"

Mama Agnela alifikiri. "Asubuhi ilikuwa na moto mzuri. Mpaka nilivua shali. Mzee Abdiel alisinzia akanilalia begani, nikamtania kwamba nitamwambia Kandida."

"Kuna askari aliyekuuliza habari za asubuhi?"

"Hapana. Wao waliniuliza ya jioni tu."

Sifaeli aliitikia kwa kichwa. Asubuhi moto, jioni baridi. Kilichoharibika kiliharibika katikati, na katikati gari halikwenda popote.

"Kikaoni kulikuwa na ugomvi?"

"Hata. Ni kilio cha siku zote, wale wa mwisho wa mfereji maji hayawafikii. Mzee Abdiel, mwenyekiti wetu, akasema ameshaona kwa macho yake yanapopotelea, na Jumapili baada ya ibada atasema mbele ya watu wote. Tukamwomba atuambie sisi kwanza. Akakataa, akasema kuna mtu anampa nafasi ya kusema mwenyewe."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Mzee Kaanaeli akasema sawa, mwenyekiti, tungoje Jumapili. Akatuongezea chai."

*

Asubuhi iliyofuata Sifaeli alivaa ovaroli. Miaka yake ya mwanzo kazini ilikuwa katika kikosi cha usalama barabarani, na magari yaliyoharibika alikuwa ameyazoea. Alilikagua pikapu pale uani kituoni, kitu kimoja baada ya kingine, bila haraka. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Feni ilizunguka. Pampu ya maji haikuwa na uvujaji. Mipira yote, ikiwemo miwili inayokwenda kwenye hita, ilikuwa mizima. Ndani ya oili hakukuwa na maji. Maji ya rejeta yalikuwa na kijani kilichopauka, kijani cha kitu kilichozimuliwa.

"Afande Hans," alisema, "naomba twende wote kule juu. Mara mbili."

"Hicho ni kielelezo, Sifaeli. Ukiiunguza injini, maelezo utaandika wewe."

"Nitaandika."

Walipanda mara ya kwanza rejeta ikiwa imejaa. Sifaeli aliendesha, Hans akakaa dirishani, Lesian akakaa nyuma kwenye bodi na madumu ya maji. Hita ilifunguliwa mpaka mwisho. Kabla hawajafika nusu ya mlima, Hans alikuwa anafungua vifungo vya koti.

"Umeona? Hita inafanya kazi. Gari zima."

"Nimeona, Afande."

Walirudi Tengeru wakangoja injini ipoe. Sifaeli aliingia chini ya gari akiwa na beseni, akalegeza koki ya chini ya rejeta, akaacha maji yatoke mpaka yakafika kiasi ambacho Shomari alisema alikijaza. Akaifunga koki kwa vidole tu. Haikuhitaji spana. Wakapanda tena.

Kisha Hans akaweka kiganja mbele ya tundu la hita. Akakigeuza. Akaweka kingine.

"Umeizima?"

"Iko mwisho, Afande. Angalia swichi."

"Inapuliza baridi."

"Angalia na mshale."

Mshale wa joto ulikuwa umevuka nusu na ulikuwa bado unapanda. Nyuma, Lesian aligonga kioo. "Afande, nasikia harufu ya pasi!" Sifaeli alisogea pembeni na kuzima injini kabla mshale haujagusa alama nyekundu. Mvuke mwembamba ulitoka mbele ya boneti, ukaingia kwenye ukungu.

Hans alikuwa bado ameshika mikono yake miwili kama mtu anayeota moto uliozimika.

"Nieleze," alisema hatimaye.

"Hita haina moto wake. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita mle, feni inapuliza. Maji yakipungua, hayafiki tena kwenye hita, kwa sababu iko juu. Injini inaungua kwa kukosa maji, na hita inapuliza hewa tupu. Hayo ni mambo mawili yenye chanzo kimoja."

"Kwa hiyo wote wawili walisema kweli."

"Wote wawili."

"Lakini dereva angeweza kuyamwaga maji mwenyewe."

"Angeweza. Ndiyo maana bado sijakuomba umwachie. Twende kwa Kaanaeli."

*

Mzee Kaanaeli Ayo hakuwepo. Alikuwa msibani, akisaidia kupanga mazishi ya rafiki yake. Mkewe, Mama Fransiska, aliwapokea kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa yamevimba.

"Karibuni. Mtusamehe, siku zimekuwa mbaya. Mzee Abdiel, na sasa ndama."

"Ndama amefanya nini?" aliuliza Sifaeli.

"Amekufa leo alfajiri. Tangu jana anapepesuka kama mlevi wa mbege. Anaanguka, anainuka. Halafu akashindwa kukojoa kabisa. Sijawahi kuona."

Sifaeli aliomba kuonyeshwa mahali pikapu lilipoegeshwa siku ya kikao. Alama za magurudumu bado zilionekana. Alipiga magoti katikati ya alama hizo. Udongo ulikuwa mkavu, rangi moja, hauna doa.

"Unatafuta nini?" Hans alinong'ona.

"Kijani. Nusu dumu la maji ya kijani limetoka kwenye gari hili likiwa hapa. Kama lingevuja, pangekuwa na doa. Hapana doa. Basi yalikingwa." Alisimama, akajipangusa magoti. "Na mtu akikinga kitu kwenye beseni, lazima akimwage mahali."

Aligeuka na kulitazama banda. Mbele yake palikuwa na hori la saruji la kunyweshea. Lilikuwa limekauka, lakini kwenye pembe ya ndani, mahali ambapo ulimi wa mnyama haufiki, palikuwa na utando mwembamba wa kijani.

"Mama Fransiska, nani huwa anamnywesha ndama?"

"Mimi. Yeye hata ndoo hajui iko wapi."

"Na siku ya kikao?"

"Siku hiyo nilikuwa jikoni na chakula cha wageni. Nilipotoka nikakuta amemjazia mwenyewe hori. Nilishangaa. Nikafikiri ananisaidia." Alikuwa ameanza kuona kitu ambacho hakutaka kukiona.

Lesian aliita kutoka nyuma ya banda. Huko palikuwa na shamba la nyanya, kijani kibichi, limelowa, katika msimu ambao mashamba yote ya chini yalikuwa yamepauka. Mfereji uliopita juu ya shamba ulikuwa na maji kiasi. Baada ya shamba ulikuwa unakaribia kukauka. Lesian alikuwa ameshika bomba la buluu alilolifukua kidogo tu chini ya udongo. Lilikuwa linatetemeka kwa nguvu ya maji.

Alasiri hiyo daktari wa mifugo, Ndesanjo, aliupasua mzoga wa ndama na kuweka kipande cha figo chini ya hadubini. Aliwapigia simu yeye mwenyewe.

"Figo zimejaa fuwele. Hii si homa wala kupe. Amekunywa ile dawa ya rejeta. Ni tamu, Afande, mnyama haikatai. Nimehifadhi sampuli kwa ajili ya mkemia wa serikali."

Sifaeli alikuwa hajausahau ule ukingo wa jeraha; jembe la Kaanaeli lilichukuliwa mlangoni, mkewe akiona. Chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Lakini fundi wa maabara alipouchomoa mpini, ndani ya tundu palikuwa na damu iliyoganda, na unywele mmoja mweupe.

*

Kaanaeli aliingia chumba cha mahojiano akiwa amevua kofia. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mikubwa iliyopasuka, na alikaa kama anavyokaa kanisani. Sifaeli alimsomea onyo la kisheria. Akamwuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, Afande."

"Siku ya kikao, ulitoka nje wageni wakila?"

"Mwenye nyumba hutoka na kuingia."

"Ulikwenda kwenye gari?"

"Gari nilitakie nini? Mimi ni mtu wa mfereji."

"Uliwahi kuwa utingo wa lori."

Kaanaeli alipepesa macho. "Ujanani. Nani amewaambia?"

"Mkeo. Koki ya rejeta unaijua?"

"Kila utingo anaijua."

"Ndama wako amekufa kwa nini?"

"Mungu anajua. Magonjwa ni mengi."

"Amekufa kwa dawa ya rejeta. Daktari ameiona kwenye figo. Hori lako lina utando wake. Mkeo anasema ni wewe uliyemjazia."

Macho ya Kaanaeli yalienda ukutani, yakarudi.

"Ni sumu?" aliuliza polepole.

"Ni sumu."

"Nilidhani ni rangi tu." Alisema kabla hajajizuia. Kisha akafumba macho, na mabega yake yakashuka.

Lesian aliacha kuandika. Sifaeli alingoja. Kisha akauliza lile swali ambalo lilikuwa limemsumbua tangu alipopiga magoti uani.

"Kwa nini hukuyamwaga nyuma ya banda? Shimo la mbolea liko pale pale. Tusingejua kamwe."

Kaanaeli alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto.

"Nimwage maji, Afande? Julai?" Alifungua viganja vyake. "Nimegawa maji ya ule mfereji tangu nina nywele nyeusi. Mtu akimwaga ndoo moja namfokea. Nilikuwa na beseni limejaa, na ndama hapo ana kiu. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye hori. Sikufikiri hata kidogo."

"Halafu?"

"Halafu wakaondoka. Mimi nikachukua jembe nikafuata kijia cha mfereji. Kijia kinakata moja kwa moja, barabara inazunguka. Watu wakiniona na jembe kando ya mfereji, nani atauliza? Nilijua litachemka kwenye ule mwinuko, chini au juu kidogo. Nilijua dereva atashuka mtoni, hakuna maji pengine. Na Abdiel na goti lake atabaki."

"Mama Agnela je? Angebaki?"

Kaanaeli aliigeuza kofia yake magotini.

"Nimekuuliza."

"Alikwenda zake. Namshukuru Mungu alikwenda zake."

"Ulimwambia nini Mzee Abdiel?"

"Nilimwomba. Nilikuwa nimeshamwomba nyumbani, pembeni, kabla ya chakula. Akaniambia, Kaanaeli, sema mwenyewe Jumapili, nitasimama pembeni yako. Kule barabarani nikamwomba tena. Nikamwambia nitalitoa bomba, usiku huo huo, asiseme. Akasema bomba si kitu. Kitu ni wale mama wa chini waliokuwa wanapigwa faini kwa kuiba zamu, na mwizi ndiye aliyekuwa anawatoza. Alinigeuzia mgongo arudi kwenye gari."

"Ukampiga kwa kitako cha jembe."

"Nilimpiga."

"Ulikwenda kumwomba, au ulikwenda kumuua?"

"Kumwomba."

"Mtu anayekwenda kuomba," alisema Sifaeli kwa sauti ile ile ya chini, "hakaushi rejeta ili amkute mwenzake peke yake."

Mahali fulani nje, redio ya askari ilikoroma ikanyamaza.

"Andika hivyo, Afande," alisema Kaanaeli. "Andika kwamba nilikwenda kumuua. Nisingeweza kusimama mbele yao. Baba yangu alikuwa miongoni mwa walioutengeneza ule mfereji. Nisingeweza."

"Na Shomari? Ulijua amekamatwa kwa ajili yako."

"Nilijua. Nilisema moyoni, huyu si wa huku, watamsahau."

Lesian aliinua uso. Sifaeli alisogeza karatasi ya maelezo ya onyo mbele ya Kaanaeli, akamsomea neno kwa neno, akamwonyesha pa kuweka saini. Kisha akaagiza apelekwe kwa hakimu, mlinzi wa amani, akarudie maneno hayo mbele yake.

*

Ijumaa asubuhi gari la mahabusu liliondoka kwenda mahakamani likiwa na Kaanaeli. Hans alimrudishia Shomari mkanda na simu yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Kijana," alisema, kisha akakohoa. "Nilikuona mwongo. Haikuwa hivyo."

"Nashukuru, Afande."

"Mshukuru yule pale."

Sifaeli alikuwa amesimama mlangoni. Hafidha alikuwa ameshamshika mumewe mkono na hakuonekana kama atauachia karibuni. "Nilikuwa nimeanza kuuliza ndugu wa kule Kisongo nyumba za kupanga," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nihamie karibu na gereza."

Ndipo teksi iliposimama nje ya lango na Mama Kandida akashuka. Alikuwa bado na shali zake mbili. Watu wote waliokuwa barazani waligeuka. Shomari alimwachia mkewe mkono, akasimama wima, kama mtu anayengoja kupigwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Kandida hakuitikia mara moja. Alimwendea mpaka karibu.

"Nilikutukana barabarani, watu wakisikia. Na msibani pia, jana, mbele ya wazee."

"Ulikuwa na uchungu, mama."

"Nilikuwa na uchungu, ndiyo. Lakini nililitaja jina lako." Alivuta pumzi. "Kesho tunamzika. Jeneza liko hospitali. Watoto wamekodi gari zuri la mjini, jeusi, lenye maua. Nimelirudisha."

Shomari alimtazama bila kuelewa.

"Nataka apande mlima na wewe. Nataka wale niliowatangazia kwamba umemuua wamwone anafika nyumbani kwenye gari lako, na mimi nimekaa mbele, pembeni yako. Kama hutaki, sitakulaumu."

Pikapu lilikuwa bado uani, likiwa na kibandiko cha kielelezo kwenye kioo. Hans alilitazama, akamtazama Sifaeli. Sifaeli alikwenda akakibandua taratibu, kisichanike, akakikunja na kukitia mfukoni. Akaurusha ufunguo.

Shomari aliudaka.

"Tutaondoka hospitali saa ngapi, mama?"

"Saa mbili. Usichelewe."

"Sitachelewa," alisema Shomari. Kisha, kwa kuwa salamu yake ilikuwa bado inaning'inia, akaiangalia ardhi na kuirudia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."